Mwenzetu haamini, na mimi ndiye niliyemkosea. Nimwandikie vipi?

Maalim_Langoni

Assalaam alaikum. Na asiyeitika salamu hiyo, basi hodi, na habari za jioni.

Naufungua uzi huu kwa jambo la aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Kwanza tuelewane. Sitafuti wa kunithibitishia kuwa Mungu yupo. Mimi naamini, na kila alasiri nasomesha watoto juzuu amma hapa Lamu. Wala sitafuti wa kunithibitishia kuwa hayupo. Ninachotaka kujua ni kidogo: mtu humwandikiaje rafiki asiyeamini, baada ya kumuumiza?

Tuna kundi la WhatsApp, watu thelathini na kitu tuliosoma pamoja. Wengine wako Mombasa, wengine Ghuba, wengine hata Mokowe huvuka kwa dharura tu. Mmoja wetu, nitamwita Mwenzangu, alifiwa na mamake mwezi uliopita. Akaja usiku kwa basi, akavuka na boti ya kwanza ya asubuhi.

Alibeba jeneza. Tulipokezana mabega kutoka Mkomani, na njia za mji huu mnazijua, mahali pengine punda mwenye shehena akipita binadamu hubana ukuta. Tulipofika msikitini, yeye hakuingia. Alikaa kwenye baraza ya nyumba inayoelekeana na mlango, viatu vyetu vyote mbele yake, kama muuzaji aliyekosa wateja. Tukaswali, tukatoka, naye akaliinukia jeneza tena. Makaburini aliteremka kaburini pamoja na kakake, akampokea mamake, akamlaza ndani ya mwanandani, akapanda juu. Hakusema kitu.

Usiku ule ule kundi likawaka moto.

Tulijua kwa fununu kuwa hafungi, lakini fununu ni fununu. Sasa watu wakaanza: kafiri, mulhidi, vitabu vya Wazungu vimemla kichwa, amelogwa Mombasa. Mmoja akatuma mhadhara wa saa mbili. (Sidhani aliusikiza mwenyewe.) Mwingine akauliza, "Wewe ukifa, nani atakuosha?" Swali hilo likapata vidole gumba kumi na saba. Nilivihesabu.

Mimi sikutukana. Mimi nilijiona mwenye hekima, nikaandika: "Ungemdanganya mamako siku moja tu, ingekudhuru nini?"

Akajibu mstari mmoja: "Nilimdanganya miaka kumi na moja. Siku ile ndiyo niliyoacha."

Kisha msimamizi akamwondoa.

Tangu hapo silali vizuri. Najiambia kuwa neno lile nisingelisema barazani. Barazani ukitoa neno zito unaona mwenzio anavyoshusha kikombe cha kahawa, unaona jicho linavyokimbia, unalirudisha neno kabla halijatua. Na kesho asubuhi mtapishana kwenye njia ya upana wa hatua mbili, mmoja abane ukuta mwingine apite. Kwenye simu nilikuwa nimelala chali, kidole kimoja, taa imezimwa.

Arubaini ya mamake ni baada ya wiki mbili. Anakuja. Nataka nimwandikie kabla hajafika, na kila ninachoandika kinasikika kama da'awa au kama barua ya serikali. Nisaidieni.

PundaMzembe

Maalim umelainika. Mtu hatoki kwenye dini akabaki kwenye kundi.

Maalim_Langoni

Kundi ni la shule, ndugu yangu, si la msikiti. Tangu mwanzo tunaye Mgiriama Mkatoliki mle ndani, kila Krismasi tunampongeza, na hakuna aliyemuuliza nani atamwosha.

Na nilipokwisha kuandika hivyo ndipo nikaona. Yule Mkatoliki ana pake. Tunajua akifa atapelekwa wapi, padri gani ataitwa. Mwenzangu hana pake. Kwetu sisi kuwa mtu wa Lamu na kuwa Mwislamu ni kamba moja iliyosokotwa, sasa mtu akilegeza uzi mmoja tunadhani amekata kamba nzima. Yeye mwenyewe hajasema ameacha kuwa Mwamu. Sisi ndio tuliomwambia.

WakiliWaKijiweni

Kwa ufupi, maana najua mtachoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 32: kila mtu ana uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Kifungu cha 8: hakuna dini ya taifa. Utangulizi wa Katiba hiyo hiyo unamtaja Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa unaanza kwa kumwita. Wakenya tumejua kuyaweka yote mawili kwenye sahani moja. Mahakamani asiyetaka kuapa kwa Mungu huruhusiwa kutoa uthibitisho badala ya kiapo, bila kushika kitabu.

Mwaka 2016 chama cha wasioamini kilisajiliwa Kenya, na mwaka huo huo usajili ukasimamishwa, kesi ikaenda mahakamani. Na sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini, kama 1.6 kwa mia ya Wakenya wote. Kwa hiyo Maalim, rafiki yako si kituko. Watu kama yeye ni wengi kuliko wakazi wote wa kaunti ya Lamu, mara kadhaa.

Ustadhi77

Ahsante wakili, lakini kifungu cha 32 hakibebi jeneza.

Maalim, mimi ningemwandikia kwa hoja. Usimtukane, ila usimwachie uwanja pia. Mkumbushe kisa tulichosimuliwa chuoni, cha Imam Abu Hanifa na yule dahari, mtu asemaye ulimwengu hauna Muumba. Walipangiana mjadala, Imam akachelewa. Alipofika akasema: nilikwama ng'ambo ya mto, nikaona mbao zinakuja zenyewe, zikajipanga, zikajipigilia misumari, zikawa chombo, nikapanda nikavuka. Yule akacheka, chombo hakijiundi! Imam akamwambia: chombo kimoja hakijiundi, na ulimwengu huu je?

Kwa mtu wa Lamu hakuna hoja iliyo karibu zaidi. Aangalie jahazi lililofungwa mbele ya macho yake.

FundiMkuku

Ustadhi, salaam. Mimi mtu wa Matondoni, mzee kidogo, ananiandikia mjukuu. Nimeunda vyombo tangu sijaota ndevu. Naswali, nafunga, msinishuku.

Lakini kisa hicho msimpelekee fundi, wala mwana wa fundi.

Sisi hatuchori, ustadhi. Huulaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ukasimamisha fashini, nguzo za mbele na nyuma, yaliyobakia ni mato, yaani macho. Mataruma, mbavu za chombo, hatuyapindi kwa moto. Hwenda msituni ukatafuta mti uliopinda wenyewe, ukasema huu ni taruma la ubavuni, huu wa tezi, kule nyuma. Mti ulipinda kwa upepo na kwa kivuli cha mwenziwe, haukujua kuwa utakuya kuwa chombo.

Tena, nani aliyelibuni jahazi? Nitajie jina. Hakuna. Wazee wetu walikuwa na mtepe, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, hauna msumari hata mmoya, tanga lake mkeka. Babangu alifuata cha babake akaongeza kidogo hapa akapunguza pale. Chombo kibaya hakikuhitaji kukosolewa na mtu. Bahari ilikivunja, na kilichovunjika hakuna aliyekiiga. Kwa hiyo ukimwambia huyo kijana "angalia jahazi," akiwa na akili atakwambia: naam, nimeliangalia, hakulibuni mtu mmoya, lilikuya kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi, na bahari ikichuja. Hapo utamjibu nini? Umempa nusu ya hoja yake kwa mkono wako.

Alikuya hapa kijana mmoya wa chuo kikuu akipima mashua yangu, ndiye aliyeniambia hivyo. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaona hajanikosea, amenieleza kazi yangu.

Mimi simwamini Mungu kwa sababu ya jahazi. Namwamini kwa sababu usiku mmoya kusi ilitukuta karibu na Kiwayuu, mai yamefika magotini, na nilisema naye kama ninavyosema nanyi. Hilo siwezi kumthibitishia mtu wala sijaribu.

Ustadhi77

Mzee wangu, shikamoo. Nimecheka peke yangu hadi mke wangu ameuliza kuna nini.

Bado nasema hata bahari ya kuchuja na mti wa kupinda vina mwenyewe. Ila nakubali: hapo nimetoka kwenye kisa na kuingia kwenye jambo refu, ambalo wanavyuoni na wanafalsafa wameandikiana majuzuu juu yake tangu enzi za Ghazali na Ibn Rushd bila ya kumalizana. Si jambo la kumpelekea mtu aliyefiwa.

Kwa hiyo naifuta hoja yangu, naleta ayah. Surat an-Nahl, ya 125: walinganie watu kwa hekima na mawaidha mema, na ujadiliane nao kwa namna iliyo bora. Hakusema "bora kidogo". Na al-An'am 108 inakataza kuwatukana hata wale waombwao badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wakamtukana Yeye kwa kutojua. Yaani tusi linalotoka kwetu, tumeambiwa waziwazi, hurudi juu. Hao vidole gumba kumi na saba wasome hiyo.

Nyongeza ndogo, wapenzi wa lugha mtafurahi. Neno "dahari" tunalosema kila siku, "tangu dahari", ndilo lile lile la al-Jathiya 24, wale waliosema hakuna kinachotuangamiza ila dahr, zama. Qur'ani imeyanukuu maneno yao kabla ya kuwajibu. Inayakubali yasomwe msikitini mpaka leo. Sisi tumeshindwa kumwacha mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp.

MalindiBilaSaa

Naomba kuingia. Mimi niko Malindi, nimelelewa kanisani, nilikuwa mpiga kinanda. Siamini tangu miaka tisa iliyopita. "Mkana Mungu" silipendi sana, maana mtu hukana deni, hukana mtoto. Ukikana ni kama kitu kipo nawe unakificha uso. Mimi ni asiyeamini tu. Lakini sigombani, kila mtu anaita anavyojua.

Maalim anauliza upande wake. Niruhusuni niseme upande wetu, kwa sababu sisi pia tuna vidole gumba vyetu.

Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, huku bara ya Malindi. Watu waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu, wakakubali, na watoto wao. Wiki zile nilikuwa kwenye kundi la wasioamini la Kenya nzima, na kila picha ikitoka kulikuwa na shangwe ya aina fulani. "Mnaona sasa dini!" Nami nikashangilia. Nikachukua moja ya maneno yale nikamtumia dadangu, ambaye bado ni mwimbaji wa kwaya.

Hakunijibu. Jioni nikamkuta amekaa jikoni. Alikuwa ametoka hospitali kupeleka chai na mkate kwa watu wasiowajua, waliokuja kutoka mbali kutafuta ndugu zao. Akina mama wamekaa chini nje, rozari mkononi, wanangoja waitwe kutoa damu ya vipimo. Dadangu akaniambia: "Ule ujumbe wako ningemsomea nani pale?"

Hoja yangu haikuwa ya uongo. Mpaka leo nadhani mtu kufundishwa kutii bila kuuliza ni hatari, na nitasema hivyo popote. Ila nilikuwa nimeokota maiti za watu nikazifanya fimbo, nikampiga nayo mtu aliyekuwa anapika chai.

Kwa hiyo Maalim, usimwandikie kwa kudhani sisi ni malaika wa akili tunaoonewa. Mwombe radhi kwa neno lako, basi. Usiombe radhi kwa kuamini. Hilo litamuudhi, atajua unaigiza.

PundaMzembe

Nirudi. Nimesoma yote. Mimi si mtu wa kutukana ila nina jambo. Ramadhani iliyopita, kwenye kundi jingine kabisa, kijana mmoja asiyeamini alibandika picha ya sahani ya biriani saa saba mchana, chini ameandika "karibuni, au Mungu wenu anawachungulia?" Tulikuwa na wagonjwa mle wanaofunga kwa shida. Tukimwambia anasema ni mzaha, uhuru wa maoni. Kifungu cha 32 hicho. Sasa adabu ni ya sisi tu?

MalindiBilaSaa

La, kaka. Huyo alikosa adabu. Tena hakuwa anatoa maoni yoyote, maana ukitoa ile kejeli hakibaki kitu ndani ya sentensi. Angesema "mimi naona saumu haina maana kwa sababu hizi na hizi", mngegombana vizuri.

PundaMzembe

Tungemgomba kweli kweli.

BintiShela

Nimekuwa nikisoma bila kuandika. Hii si akaunti yangu ya kawaida.

Mnamzungumzia mwanamume. Ana kazi yake Mombasa, ana nyumba yake ya kupanga, akikasirikiwa hupanda basi. Alikaa barazani nje ya msikiti, watu wakamwona, wakamsema, akaondoka. Sawa, iliuma. Mimi nimo humu humu na nitaamka humu humu.

Sitaeleza ninaamini nini. Nataka kuwaambia tu jinsi lugha yetu ilivyojaa. Ukiniuliza habari, jibu ni alhamdulillahi. Tukiagana ni inshallah. Kikombe kikianguka ni bismillahi. Mtoto mzuri ni mashallah, usiposema unaonekana una husuda. Mtu ambaye moyo wake umekaa kimya hana neno hata moja la kujibu "u hali gani" bila ya kujiona mwongo, au bila ya kujulikana. Nilijaribu wiki moja kusema "salama" tu. Siku ya nne mama akaniuliza kama ninaumwa.

Sasa nayasema yote. Inshallah ninaisema kwa kuipenda, ni neno la watu wangu, lina sauti ya bibi yangu ndani yake. Sijui kama huo ni uongo. Maalim, ulimwambia angemdanganya mamake siku moja. Labda yeye pia kwa miaka ile kumi na moja hakujua vizuri kama anadanganya. Ungemuuliza hilo badala ya kumwambia, ningependa kusikia jibu.

FundiMkuku

Mwanangu wa Shela, nimesomewa maneno yako mara mbili. Sina la kukupa ila kahawa ukipita Matondoni. Si lazima useme kitu.

Ustadhi77

Nilikuwa nimeandika jibu refu kwa Binti Shela. Nimelifuta.

Maalim_Langoni

Nimerudi, ni siku ya nne. Nimemwandikia. Nawawekea hapa kama kilivyokwenda, maana nyinyi mmekisuka pamoja nami:

"Neno nililokuandikia usiku wa mazishi lilikuwa baya, na nililiandika nikijiona mwema, ambalo ni baya zaidi. Nisamehe. Sijabadilika, naamini kama unavyonijua, wala sikuulizi unaamini nini. Ila miaka ile kumi na moja mara nyingi ulisimama kando yangu kwenye safu. Ulikuwa na nini moyoni? Nauliza kwa sababu sijui."

Alikaa siku mbili bila ya kujibu. Tiki mbili za buluu zinanitazama. Jana usiku akanitumia sauti, dakika sita na ushei.

Mengi ni yake, siyaweki hapa. Binti Shela, alisema karibu kama ulivyosema wewe: miaka ya mwanzo hakujua kama anadanganya, miaka ya mwisho alijua, na mamake alijua pia, na wote wawili walinyamaza kwa kupendana. Hilo sikuwa nalijua. Nilimwambia angemdanganya mtu ambaye hakuwa amedanganyika.

Kuhusu arubaini: hatakaa kwenye hitma, kisomo cha Qur'ani. Atakuwa uani kwenye masufuria na wapishi, na watu wakitoka kusoma wamkute anapakua. Kakake amekubali. Wazee wawili wamenung'unika, mmoja wao akauliza kama pilau itakuwa ya mbuzi au ng'ombe, nikajua yamekwisha.

Msimamizi wa kundi hakutaka kumrudisha. Nikamwambia basi na mimi niondoe. Yule Mgiriama Mkatoliki akaandika, "Na mimi." Akarudishwa jana saa nne usiku. Hakuna aliyesema karibu na hakuna aliyetukana. Kimya cha kama dakika kumi hivi, kisha yeye mwenyewe akaandika: "Pesa za mchele mnatuma kwa nani?"

PundaMzembe

Mimi nimetuma. Msiniulize kitu.

Ustadhi77

Alhamdulillahi. Lakini Maalim, swali lako hujatuambia alivyolijibu. Alikuwa na nini moyoni kwenye safu?

Maalim_Langoni

Nilitaka kuliacha, maana linanitia kicheko na huzuni pamoja. Alisema siku nyingi, imamu akirefusha, alikuwa akihesabu boriti za dari. Thelathini na nane, kutoka ukuta wa kibla mpaka mlangoni.

Ijumaa, khutba inaendelea, nikajikuta nimeinua kichwa.

Ustadhi77

Maalim! Khutba ni ya kusikizwa.

Maalim_Langoni

Najua. Ziko thelathini na saba.